Mvua ya mionzi? Uliza kwanza imepimwa na nani

Mama mmoja wa Mlimba ameniuliza: "Nimetumiwa ujumbe kwamba mvua ya mwaka huu ina mionzi kutoka kwenye urani ya Namtumbo. Mimi nakinga maji ya bati na wanangu wanayanywa. Niyamwage?"

Usiyamwage, mama. Tulichambue jambo hili taratibu.

Mionzi si mgeni nyumbani kwetu. Imo kwenye udongo, kwenye mawe, hata kwenye ndizi tunazowapa watoto. Ardhini hutoka gesi iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huacha chembe ndogo sana hewani, na mvua inaponyesha huzishusha. Ndiyo maana kipimo cha mionzi kikiwekwa nje wakati wa mvua kubwa hupanda kidogo, kisha baada ya saa chache hurudi kilipokuwa. Hali hiyo hutokea duniani kote, kwenye mgodi na pasipo na mgodi.

Urani ya Namtumbo ipo kweli, katika mradi wa Mto Mkuju mkoani Ruvuma. Lakini maji hufuata mteremko. Ya upande ule huelekea mto Luwegu, na Luwegu hukutana na Kilombero mbali chini ya Ifakara, ndipo Rufiji inapoanzia. Maji yale hayawezi kupanda hadi Mlimba. Wenye sababu zaidi ya kudai vipimo vya mto ni ndugu zetu wa kandokando ya Rufiji.

Anayepima ni nani? Ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Dar es Salaam pia kuna kituo cha mtandao wa kimataifa unaofuatilia majaribio ya silaha za nyuklia. Mashine huvuta hewa kupitia kichujio, kisha kichujio hicho hupimwa kuona kama kuna chembe zenye mionzi.

Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka alama za kuanzia: bekereli 0.5 kwa lita kwa mionzi ya alfa, na bekereli 1 kwa lita kwa ile ya beta. Kuvuka alama hiyo hakuna maana kwamba maji ni sumu. Maana yake ni kwamba yapimwe kwa undani zaidi. Urani yenyewe isizidi maikrogramu 30 kwa lita, hasa kwa ajili ya usalama wa figo.

Hapa wazazi tuwe makini: kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi urani. Na kama ni kuwa na shaka, kisima kirefu kinastahili shaka kuliko mvua, kwa sababu maji yake yamekaa ndani ya miamba miaka mingi. Kijijini kwenu kikichimbwa kisima kipya, ulizeni kwenye mkutano: maji yamepimwa maabara? Majibu yako wapi? Hiyo ni haki yenu, wala si ukorofi.

Ujumbe wa simu nao uulizwe vivyo hivyo: kipimo kimefanyika wapi, lini, na nani, na kimeonyesha ngapi? Ukikosa majibu hayo, usimtumie jirani.

Kwa sasa, mama wa Mlimba, hatari iliyo karibu na wanao ni ile tunayoijua sote bondeni. Mafuriko yakija, choo na kisima huchanganyika, kuhara na homa ya matumbo vikafuata. Acha mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kukinga. Funika pipa. Chemsha maji ya kunywa, na kata ya kuchotea iwe na mpini.

Tukutane wiki ijayo.