Neno na Matumizi Yake: Sugu

Juma lililopita tulipokea swali kutoka kwa mama mmoja wa Kisauni. Mwanawe wa miaka 11 alikemewa na babake mbele ya wageni: "Wewe ni sugu, huambiliki!" Usiku, mama alipokuwa akimfunika shuka, mtoto akamuuliza: "Mama, sugu hutoka?" Mama hakuwa na jibu, naye ametuomba tumpe.

Tuanze na ngozi, kwani huko ndiko neno lilikoanzia. Sugu ni sehemu ya ngozi iliyofanya ugumu kwa kusuguliwa mara nyingi, na sikio halihitaji kamusi kutambua kuwa sugu na kusugua ni ndugu. Si lengelenge, ambalo hutokea kwa siku moja likajaa maji. Si kovu, lililo kumbukumbu ya jeraha. Wala si magaga ya visigino. Baharia huipata kiganjani kwa kuvuta kamba, mtwangaji kwa mchi, seremala kwa randa. Mwenye kusali sana huipata kwenye paji la uso, na wengine huiita sijida. Tena huipata kwenye kifundo cha mguu wa kushoto anaoukalia katika tahiyatu, ingawa hiyo ya mguuni hatujasikia mtu akisifiwa kwayo. Hata ile alama ya kusujudu iliyotajwa katika Suratul Fat-h, aya ya 29, Mujahid, mfasiri wa zama za mwanzo, aliieleza kuwa ni unyenyekevu.

Kutoka kwenye ngozi neno likasafiri. Tunasema ugonjwa sugu, mdeni sugu, mwizi sugu; na siku hizi waganga wa hospitali hutuonya juu ya usugu wa vijidudu dhidi ya dawa. Katika matumizi haya neno halibadiliki kwa wingi: ni magonjwa sugu, wezi sugu. Ila lipo jambo moja ambalo neno limeliacha njiani, nalo ni ule msuguo wenyewe. Mwenye sugu mkononi huulizwa, "Unafanya kazi gani?" Aitwaye sugu haulizwi kitu. Tazameni pia jinsi kitenzi kinavyogeuka: wa kwanza *ana* sugu, wa pili *ni* sugu. Yule ana kipande kigumu katika mwili ulio laini. Huyu tumemfanya mgumu mzima mzima, utosini hadi unyayoni. Vijidudu navyo tumevitendea uadilifu zaidi, maana vikiitwa sugu twakumbushana papo hapo kwamba ni dawa zilizotumiwa ovyo ndizo zilizovifikisha hapo.

Sasa turudi kwa mtoto na swali lake. Ngozi haifanyi sugu kwa ukaidi. Huongeza unene mahali inapobanwa na kusuguliwa ili kuilinda nyama iliyo chini yake. Msuguo ukikoma, sugu hupungua yenyewe kidogo kidogo, kwa muda wa majuma; maji ya uvuguvugu na mafuta huisaidia kulainika. Kuikata kwa wembe ni hatari, hasa kwa mwenye kisukari, kwani chini ya sugu ya mguu huweza kujificha kidonda asichokihisi. Na aliyeikwangua leo, kisha kesho akavaa kiatu kile kile kinachombana, ataikuta imerudi.

Basi, mama, mwambie hutoka.

Kwa babake, ambaye tumearifiwa kuwa husoma ukurasa huu kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, tuna swali moja: tangu Ijumaa iliyopita, amemwita mwanawe kwa jina lake mara ngapi?