Pampu Njema ni Ile Inayorudi Kazini

Ninyi wanafunzi mnaofuga samaki katika matangi ya kioo, naomba nafasi kidogo niseme neno juu ya pampu. Najua wengine watacheka kwamba mzee ameacha mambo makubwa ya dunia akashika habari ya samaki wa sebuleni. Na wacheke, lakini wasome hadi mwisho.

Nyumbani kwangu hapa Bujumbura nina tangi la lita 200, nalo lina samaki wa miambani wa Ziwa Tanganyika. Chini yake, ndani ya kabati, lipo tangi la pili lenye chujio. Maji hushuka yenyewe kutoka juu, husafishwa chini, kisha pampu huyapandisha tena. Pampu ikisimama, maji husimama, hewa hupungua, na samaki huanza kutweta.

Niliponunua pampu yangu ya kwanza nilisoma namba moja tu kwenye sanduku: lita 2,000 kwa saa. Sikujua kwamba namba ile ni ya pampu isiyopandisha maji hata kidogo. Kadiri maji yanavyopandishwa juu, ndivyo yanavyopungua. Na pampu ambayo mwisho wa kupandisha kwake ni mita 2 haitoi hata tone kwa kimo hicho. Basi mnunuzi na apime kwanza kutoka uso wa maji ya chini hadi mdomo wa bomba juu, kisha atazame mchoro ulio katika karatasi ya pampu, aone kwa kimo chake zitabaki lita ngapi. Kwa tangi kama langu, naona lita 600 hadi 1,000 kwa saa zatosha.

Kosa langu la pili liliniumiza zaidi. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi baada ya saa moja. Taa zikawaka, nami nikalala bila wasiwasi. Kumbe pampu ilikuwa ikinguruma tu bila kuzunguka. Asubuhi nilikuta samaki 7 kati ya 11 wamekufa. Nilipoifungua niliona ukoko mweupe umeshika sumaku na ufito wake, maana maji ya ziwa letu yana madini mengi, na kwa miezi minane sikuwa nimeisafisha. Ilipokuwa katika mwendo iliushinda ule ukoko. Iliposimama, haikuweza kuanza tena. Sikumlaumu fundi wala mwenye duka. Uvivu ulikuwa wangu.

Tangu siku ile maoni yangu ni haya: uaminifu wa pampu haujulikani inapozunguka, hujulikana inapowashwa tena baada ya kuzimwa. Ukinunua, itie majini, uizime na kuiwasha mara kumi, ukiipumzisha kidogo kila mara. Ikikataa hata mara moja, irudishe. Uliza pia kama gurudumu lake na ufito huuzwa peke yake, na kama yafunguka kwa mkono, kwa kuwa pampu isiyofunguka haisafishiki. Kisha kila mwezi ichomoe kwenye umeme, uiloweke katika siki iliyotiwa maji, uisugue na kuisuuza vizuri.

Wako wasemao ni heri pampu moja kubwa ya bei ya juu. Mimi nasema ni heri mbili ndogo, kila moja na bomba lake: moja ikigoma, nyingine itashika zamu. Wala umeme si lazima uzidi. Mbili za wati 15 hula sawasawa na moja ya wati 30, yaani kilowati-saa 21.6 kwa siku 30. Ila mdomo wa kila bomba uwe juu kidogo ya maji, lisije likayanyonya na kuyarudisha chini pampu inaposimama. Na tangi la chini liachiwe nafasi: uso wa sentimita 100 kwa 50 ukishuka sentimita 2 tu, ni lita 10, nazo zitamwagika sakafuni ikiwa hazina pa kukaa.

Mtasema, samaki 7 ni kitu gani? Ziwa Tanganyika ni la nchi nne, nasi, na Kongo, na Tanzania, na Zambia, na wengi wa samaki wake wa miambani hawapatikani penginepo duniani. Kule ziwani hawakuhitaji pampu ya mtu. Sisi ndio tuliowatoa tukawafungia kiooni, kwa hiyo pumzi yao i mikononi mwetu. Asiyeweza kusafisha pampu mara moja kwa mwezi, na awaache ziwani.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na ayalete katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa zamani, Bujumbura