Sahihi za picha kubwa zinamaliza mega za wahami

Goma – Ujumbe wenyewe ni mistari miwili: mkutano wa mutualite ni Jumapili baada ya misa, kila mtu aje na mchango wake. Chini yake inafuata picha. Nembo ya mutualite, bendera, muhuri wa duara, sura ya raisi wa komite akiwa amevaa koti na tai, na namba tatu za simu kwa rangi ya dhahabu. Kesho yake unakuja ujumbe wa pole kwa familia iliyofiwa, na picha ni ileile. Kesho kutwa mtu anajibu “amina” tu, lakini naye ana picha yake ya kuambatanisha. Katika makundi mengi ya WhatsApp hapa Kivu, picha hizi ndizo zimekuwa sahihi ya wakubwa.

Kwa mwenye Wi-Fi ofisini, hilo ni jambo la kucheka. Kwa familia iliyohama, ni pesa. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ya kisasa inaweza kufika mega 3 au 4, hasa ikitumwa kama faili au kwa ubora wa juu. Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160. Kwa hesabu ya herufi tupu, picha moja ya mega 4 ina uzito wa jumbe kama hizo 25,000. Watu kumi wakiweka sahihi ya namna hiyo mara moja kwa siku, mega 40 zimekwenda katika kundi moja. Na ni nani aliye katika kundi moja tu? Kuna la kijiji, la kanisa, la wazazi wa shule, na la wale waliokuwa kambi moja.

Hilo la mwisho si la mchezo. M23 walipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, na kambi kama Bulengo na Lushagala zikavunjwa mwezi uliofuata, watu waliozoea kusikia matangazo kwa kipaza sauti katikati ya vibanda walitawanyika. Wengine walirudi Masisi, wengine Rutshuru, wengine wakaingia katika nyumba za jamaa mjini. Kundi la simu ndilo lililobaki mahali pa jirani kumtafuta jirani. Wakati huohuo mabenki yalifunga milango, noti zikawa adimu, na kununua mega kukawa ni kuchagua kati ya mega na unga. Mama anaweka forfe ndogo ya siku ili ajue kama jina lake limo kwenye orodha. Akifungua data tu, simu inaanza kuvuta nembo zote zilizolala usiku kucha. Akitaka kuuliza ni shule gani na saa ngapi, mega zimekwisha.

Mbaya zaidi ni pale tangazo lenyewe linapowekwa ndani ya picha. Nembo za wafadhili zinajaza juu, nembo za washirika zinajaza chini, na tarehe ya ugawaji inabanwa katikati kwa herufi za sisimizi. Mwenye simu yenye kioo kilichopasuka anaona rangi tu. Wa kitochi haoni kitu kabisa, na hata mtoto wa jirani hawezi kunakili maneno ili amtumie kwa ujumbe mfupi, kwa sababu hakuna maneno ya kunakili.

Kisha kuna jambo ambalo wenye nembo pengine hawajalifikiria. Kwa Mkongomani, kadi ya uchaguzi imetumika miaka mingi kama kitambulisho. Waliokimbia usiku wakiacha sanduku nyumbani, mara nyingi kilichobaki ni picha ya kadi hiyo ndani ya simu, pamoja na picha ya cheti cha mtoto, karatasi ya shamba, na labda sura ya mzee aliyekufa njiani. Simu hizo hazina nafasi kubwa. Zikijaa, zinagoma kupokea chochote mpaka kitu kifutwe, na anayefuta kwa haraka, katika mamia ya picha zinazofanana, anaweza kufuta kile asichoweza kukipata tena. Nembo ya mutualite itarudi kesho asubuhi. Picha ya kadi haitarudi.

Wanaotetea picha hizi wana hoja, na haifai kupuuzwa. Wanasema matangazo ya uongo ni mengi, kwa hiyo bila nembo na muhuri watu hawatajua lipi ni la kweli. Hofu hiyo ni ya haki. Matapeli wanaodai pesa ili kuandikisha watu kwenye orodha za msaada wanajulikana, na msaada haulipiwi. Lakini nembo ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kuiba. Kijana yeyote mwenye simu anaikata kwenye tangazo la jana na kuibandika kwenye uongo wa leo, na muhuri wa duara unaenda nao. Kadiri watu wanavyozoea kuamini rangi, ndivyo kazi ya tapeli inavyokuwa nyepesi. Kinachosaidia ni jina la mtu anayejulikana, kazi yake, tarehe, na namba ambayo kundi zima linaifahamu na inayopokelewa ikipigwa. Vyote hivyo vinaingia katika mstari mmoja wa maneno.

Redio imeonyesha hivyo siku zote. Mtangazaji hana nembo ya kuonyesha. Anasema ni nani ametoa tangazo, ni kitu gani, wapi na lini, anarudia mara moja, anaendelea na muziki. Watu wanafika. Na kwa wasioweza kusoma, sauti iliyorekodiwa ndani ya kundi ni bora mara mia kuliko bango: dakika moja ya sauti kwa kawaida haifiki hata robo ya mega, na bibi anaisikia mwenyewe bila kumsubiri mjukuu atoke shuleni.

Basi nembo iende wapi? Ipo nafasi yake tayari. Kila kundi lina picha yake ya juu, ambayo msimamizi anaiweka mara moja na kila mtu anaiona kila siku. Chini ya jina la kundi kuna mahali pa maelezo: hapo yaingie majina ya komite na namba zao. Ikilazimu kutuma picha, kwa mfano orodha ya majina yenye sahihi ya kalamu, itumwe kama picha ya kawaida, si kama faili wala kwa ubora wa juu, na maneno yake makuu yaandikwe chini. Mwenye simu naye anaweza kujilinda: kwenye Paramètres za WhatsApp, sehemu ya Stockage et données, aondoe alama kwenye picha na video katika upakuaji wa data ya simu. Kuanzia hapo picha itashuka pale tu atakapoigusa. Lakini mzigo huu usiachiwe mpokeaji peke yake. Anayetuma ndiye anayejua kama picha ina kitu kipya au ni koti na tai ileile.

Inabaki kazi ya kumwambia mzee, na hiyo haifanywi mbele ya kundi la watu 200. Msimamizi ampigie pembeni, kwa heshima, amweleze habari ya mega. Mara nyingi mzee mwenyewe hajui picha hiyo ina uzito gani. Aliitengenezewa na mpwa wake anayesoma informatike, akaambiwa inapendeza. Mpwa huyo ndiye wa kutafutwa kwanza: aipunguze, au aiweke pale juu ya kundi, kisha amfundishe mjomba kuandika jina lake chini ya ujumbe kwa herufi za kawaida.