Binti wa Rais, Meya wa Nani?

Margaret Wambui Kenyatta hakuokotwa njiani. Alikuwa diwani wa Nairobi tangu 1963, akatumika, akaheshimiwa. Lakini alipovikwa mkufu wa umeya mwaka 1970, chama cha KPU kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka mmoja tu nyuma, na baba yake ndiye aliyekuwa Rais. Diwani gani angethubutu kumpinga? Maana meya alichaguliwa na madiwani. Mkazi wa Mathare alitazama tu. Udhalimu huo ulimgusa hata yeye mwenyewe: katika umeya, sifa zake (nazo alikuwa nazo) hazikupimwa kwa kura ya wakazi. Alitoka 1976. Mwaka 1983 serikali ya Moi ikalivunja baraza zima na kuweka tume. Wakazi hawakuulizwa, walikwisha kuzoeshwa.