Utafiti Huu Utatusaidia Nini?

Hakuna swali linalopigiwa makofi kwenye mijadala ya bajeti kama hili: utafiti huu utamsaidia nini mwananchi? Linasikika la kizalendo, hasa zahanati zikiwa hazina dawa. Mimi naliona swali la kivivu.

Mwaka 1966 Thomas Brock, mwanabiolojia wa Marekani, alikuwa akichota ute kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone. Alitaka tu kujua ni viumbe gani wanaoweza kuishi humo. Miaka mitatu baadaye, yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimtangaza bakteria anayestawi kwenye nyuzijoto 70 hivi. Basi, ndiyo hayo tu.

Mwaka 1983 Kary Mullis akabuni PCR, njia ya kurudufu vinasaba. Sampuli huchemshwa na kupozwa tena na tena, na kimeng'enya cha kurudufia kilikuwa kinaharibika kila mzunguko. Ilibidi kiongezwe kipya. Kimeng'enya cha yule bakteria wa Brock hakikudhurika. PCR ikawa kazi ya mashine, na mwaka 1993 Mullis akapata Tuzo ya Nobel.

Sasa nenda kliniki yoyote ya mama na mtoto, Temeke au Kisumu. Mtoto wa wiki sita aliyezaliwa na mama mwenye VVU hapimwi kwa kipimo cha haraka, kwa sababu kingamwili za mama zinaweza kubaki katika damu yake hadi miezi 18. Huchomwa kisigino, matone yakakaushwa kwenye karatasi, na maabara ikatafuta kirusi chenyewe kwa PCR. Brock angeandika nini kwenye fomu ya kuomba fedha? VVU ilikuwa bado haijatambuliwa!

Ndiyo, tafiti nyingi za namna hii hazizai chochote cha kuuzwa. Anayejua mapema ipi itazaa ajitokeze.

Wengine husema matajiri wachunguze, sisi tutanunua. Waulizwe Wakenya. Watafiti wa kigeni walichukua vijidudu kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, na vimeng'enya vyake vikaishia kwenye sabuni na kupausha jinzi. Kufikia mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilikuwa likidai mgawo wa faida ya vijidudu vilivyotoka kwenye maziwa yake lenyewe.