SEHEMU YA 4: Barafu ya unga wa mbao na presha ya mama mjamzito



Mmeniuliza kuhusu lile wazo la kuchanganya barafu na unga wa mbao ili barafu za ncha za dunia zisiyeyuke haraka. Ni kweli au porojo? Na sisi wa Unguja linatuhusu nini?

Kitu chenyewe ni cha kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Geoffrey Pyke alitaka ijengwe meli kubwa ya barafu ya kutua ndege. Ikapatikana njia ya kugandisha maji pamoja na unga wa mbao, kama sehemu 14 za unga kwa 86 za maji. Kinachotoka ni kigumu mno na kinachelewa kuyeyuka. Wakakiita paikriti, kwa jina lake. Hata nyumbani unaweza kujaribu: vikombe viwili kwenye friza, kimoja maji matupu, kimoja maji na unga kutoka kwa seremala. Vitoe pamoja, watoto waangalie kipi kinaisha mwanzo.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Meli ile ingehitaji mitambo ya kuipoza muda wote, la sivyo ingelegea. Mradi ukaachwa.

Muuza samaki wa Darajani hahitaji kufundishwa hili. Anafunika barafu kwa gunia, inakaa zaidi. Ila gunia halileti baridi, linachelewesha joto tu. Unga wa mbao nao ni hivyo hivyo. Na barafu ya Greenland peke yake ikiyeyuka yote, bahari itapanda kama mita 7. Unga wa kuchanganya na barafu kiasi hicho utoke misitu gani?

Siwacheki wanaotafuta njia. Mimi ni nesi, najua thamani ya kununua muda. Mtoto mwenye homa kali tunampa panadoli. Lakini ukimpa panadoli ukamrudisha kulala, na malaria imo mwilini, hujamtibu. Homa ya dunia inatokana na moshi wa mafuta, makaa ya mawe na gesi. Wanaochoma zaidi wako mbali, na sisi wa karibu na Ikweta ndo barafu za ncha zote mbili zinapoyeyuka, maji yanatupandia kidogo zaidi ya wastani.

Sasa tuje nyumbani. Maji yetu ya kunywa Unguja karibu yote yanatoka ardhini. Maji ya mvua yamekaa juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe la matumbawe, kama mafuta juu ya mchuzi. Bahari ikipanda, au tukivuta kwa pampu kupita kiasi, chumvi inapanda kisimani. Ukuta wa Mizingani unazuia mawimbi, hauzuii chumvi inayopita chini.

Hapo ndipo ninapoogopa mimi. Watafiti waliofuatilia wajawazito wa Dacope, pwani ya Bangladesh, walikuta wanaokunywa maji yenye chumvi zaidi wanapata zaidi presha ya mimba na hali inayotangulia kifafa cha mimba. Hii si habari ya ncha ya dunia tena. Ni ya chumba cha kuzalia.

Kwa hiyo, maoni yangu: tusikae kusubiri barafu ya ajabu. Pesa na akili zije kwenye visima, vipimo na mikoko. Na wewe mama, anza na haya:

👉 Maji ya kisima yamebadilika ladha? Mwambie nesi kliniki, hata kama hajakuuliza. Na kuchemsha kunaua vijidudu, hakutoi chumvi.

👉 Usiondoke kliniki bila kupimwa presha. Si kumsumbua mtu, ni haki yako.

👉 Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo: usisubiri kesho, nenda hospitali.

👉 Masika na vuli, kinga maji ya mvua kwenye chombo safi chenye kifuniko, mbu wasizae humo. Ya kunywa yachemshe.

👉 Mikoko ya Chwaka na kwengineko isikatwe ovyo kwa kuni na mkaa. Ule ndo unga wa mbao wetu: hauzuii bahari kupanda, lakini unapunguza nguvu ya mawimbi na unashika udongo. Tena unajiotea wenyewe, hautaki friza.

Kina baba, nanyi mumo. Mama akisema kichwa kinamuuma sana, usimwambie alale kitapoa. Tafuta gari.

Maji ya kwenu yakoje siku hizi? Niandikieni chini hapo, na mtaje shehia.