Watafiti wakae meza moja, majibu yarudi Mwanhuzi

Mkulima wa pamba wa wilaya ya Meatu akikosa mavuno, chanzo mara chache huwa kimoja. Mvua imechelewa, sumu ya wadudu imefika shamba likiwa limeshaliwa, bei imeshuka naye ameshapanda, na ng'ombe ambao angewauza kufidia hasara wamekonda kwa kukosa malisho. Bwana shamba anaona wadudu, mchumi anaona bei, mwanasheria anaona mkataba wa chama cha ushirika cha msingi, AMCOS. Kila mmoja ana haki katika anachokiona, lakini mkulima anabaki na deni lake.

Ndiyo maana tunasema vituo vya utafiti vya vyuo vikuu vinavyowakutanisha wanasayansi wa jamii wa fani mbalimbali, pamoja na wenzao wa kilimo, misitu na afya, si anasa ya wasomi. Vinastahili fedha za uhakika, na vinapaswa kuwajibika kwa watu wanaotafitiwa.

Ushahidi tunao hapa hapa. Mwaka 1986, Meatu, Maswa na Bariadi zikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ardhi ilikuwa imebaki uchi. Miti ilifyekwa enzi za mkoloni kuangamiza mbung'o, ikafyekwa tena kupisha pamba, kisha uhamiaji vijijini wa miaka ya 1970 ukawatenga watu na ngitili zao. HASHI ilipata nguvu iliposimama juu ya ngitili yenyewe: utaratibu wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho wakati wa mvua na kulifungua kiangazi, huku dagashida, mkutano wa jadi wa kijiji, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakisimamia sheria zake.

Mwaka 2005 ikachapishwa tathmini ya faida za kazi hiyo. Miongoni mwa walioiandika walikuwamo Gerald Monela na Shabani Chamshama, wataalamu wa misitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na Rosemarie Mwaipopo, mtafiti wa masuala ya jamii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hawakuishia kuhesabu miti. Waliuliza kaya inapata nini katika kuni, dawa, asali, majani ya kuezekea na malisho. Wakakuta faida inafikia dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Wakauliza pia nani anafaidi zaidi, mwenye nacho au asiye nacho. Mtaalamu wa miti peke yake asingelifikia swali hilo, na mtafiti wa jamii peke yake asingeweza kuithamini miti.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kwa miaka mingi Usukumani vikongwe waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho ya mtu aliyepika maisha yake yote kwenye moshi wa kuni na samadi. Simon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyachunguza mauaji hayo kwa kina. Polisi na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 havikutosha kuyakomesha. Suala hilo linamhitaji daktari wa macho, mtu wa nishati, mwanahistoria, mwanasheria na anayejua migogoro ya urithi na mashamba, wote wakitazama kaya ile ile.

Afrika Mashariki ina uzoefu wa kuwakutanisha watu hao. Chuo cha Dar es Salaam kilianzisha taasisi ya BRALUP mwaka 1967 kuchunguza rasilimali na matumizi ya ardhi. Tangu 1983 inaitwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, IRA. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kina taasisi ya utafiti wa jamii, MISR, yenye mizizi yake mwaka 1948. Chini ya Mahmood Mamdani, mkurugenzi wake wakati huo, mwaka 2012 ilianza shahada ya uzamivu inayounganisha siasa, uchumi, historia na utamaduni. Mamdani alikemea waziwazi tabia ya vyuo kugeuka ofisi za ushauri elekezi, ambako mfadhili huleta swali na msomi hutafuta jibu.

Tunakubaliana naye. Kituo kinachoishi kwa hadidu za rejea za wengine hakiwezi kukaa miaka mitano na tatizo la Meatu. Kitakuja na dodoso, kitaondoka na takwimu, na ripoti itasomwa kwa Kiingereza ng'ambo. Wataalamu nao hawatapata muda wa kujifunza lugha ya fani ya mwenzao, na bila muda huo kukaa meza moja ni kupiga picha ya pamoja tu.

Tunataka mambo matatu. Kwanza, Serikali itenge fedha za kudumu kwa vituo vya utafiti wa jamii vya vyuo vya umma, zisizotegemea mradi wa mfadhili. Pili, vyuo vimpandishe cheo mhadhiri kwa kazi aliyoandika na mtu wa fani nyingine sawasawa na ile aliyoandika peke yake. Tatu, Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ihakikishe kila mtafiti anarudisha matokeo kwa Kiswahili kwenye halmashauri na kwenye mkutano wa kijiji alikofanyia kazi.

Na sisi wa Mwanhuzi, makao makuu ya Meatu, tuna wajibu. Halmashauri ya Meatu iandike maswali yake: pamba, maji, ngitili, tembo wanaotoka Pori la Akiba la Maswa. Iyapeleke vyuoni sasa, kabla ya dodoso lijalo kufika likiwa na maswali ya mtu mwingine.